Nina miaka 62 na ninataka kukimbia kilomita 42 za Moshi: nijiandae vipi nikiwa Tanga, kaskazi ikivuma na Ramadhani ikikaribia?

MstaafuBandari (Raskazone, Tanga)

Assalamu alaikum, na habari za saa hizi kwa wakimbiaji wote.

Mimi ni mkazi wa Raskazone, nina umri wa miaka 62, na nimestaafu kazi ya bandari. Nilianza kukimbia nikiwa nimeshavuka miaka 50, baada ya daktari kunieleza kwamba shinikizo langu la damu limeanza kupanda na kwamba mazoezi yangenifaa kuliko kukaa barazani. Tangu hapo sijaacha. Njia yangu ya siku za kawaida ni ya pwani: natoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, napita mbele ya Hospitali ya Bombo, naingia mjini hadi Uwanja wa Mkwakwani, kisha narudi. Jumapili naungana na wenzangu wa klabu ya jogingi, tunaishika barabara ya Pongwe au ile ya Horohoro hadi panapochepuka njia ya Mapango ya Amboni. Nimeshiriki nusu marathoni katika miji mbalimbali, Moshi ikiwamo, na ya mwisho niliimaliza kwa saa 2 na dakika 20, nikaamka kesho yake nikitembea bila shida.

Sasa nataka kukimbia masafa kamili, kilomita 42 na mita 195, katika Kilimanjaro Marathon. Hamu hii ni ya siku nyingi. Mwaka 1989 nilikuwa kijana gatini tuliposikia redioni kwamba Juma Ikangaa ameshinda New York City Marathon kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na nakumbuka wazee wetu wa kazi walivyosimama kupongezana kama vile ameshinda ndugu yao. Septemba 2025 Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya dunia kule Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa hata wote wawili wakaandikiwa 2:09:48, nilijiambia kwamba kama nitakimbia masafa haya, ni sasa.

Kinachonitatiza ni kalenda. Mbio za Moshi hufanyika mwishoni mwa Februari, kwa hiyo miezi ya mazoezi mazito ni Desemba, Januari na Februari, wakati kaskazi inavuma na hewa ya Tanga ina joto na unyevu kiasi kwamba fulana inalowa kabla sijafika Bombo, na jua halijachomoza. Tena miaka hii Ramadhani imesogea hadi Februari, na mimi nafunga. Juu ya hayo, mwili wangu hauponi upesi kama zamani: nikikimbia kilomita 20 Jumapili, kigimbi cha mguu wa kushoto hukaza na hakiachii mpaka Jumatano. Vijana wa klabu wananitia moyo nijikaze, mke wangu anasema 21 zinatosha. Ningependa kusikia kutoka kwa watu wa rika langu waliokwisha kuyapitia haya, au kwa wenye ujuzi wa riadha na afya.

MwalimuWaRiadha (Muheza)

Waalaikumu salaam, mdogo wangu. Nakuita hivyo kwa kuwa mimi nimeshavuka miaka 70, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimefundisha michezo shuleni. Swali lako limeandikwa vizuri, nami nitalijibu kwa kirefu, maana wazee wengi wanaokimbia hupewa ratiba za vijana wa miaka 25 na kuambiwa wapunguze kidogo tu.

Nianze na kigimbi, kwa sababu ndicho kinachosema kweli kuhusu ratiba yako. Umri unapoongezeka, misuli na kano huchukua muda mrefu zaidi kujitengeneza baada ya kazi ngumu, na kano zenyewe hupoteza sehemu ya unyumbufu wake. Uwezo wa mwili wa kutumia oksijeni nao hushuka, kwa makadirio ya karibu asilimia 10 kila miaka 10 kwa mtu mzima asiyefanya mazoezi, ingawa anayejizoeza kwa bidii anaweza kupunguza mshuko huo hadi karibu nusu. Maana yake ni kwamba moyo na mapafu yako vinaweza kuwa tayari Jumanne huku kigimbi kikisubiri Alhamisi. Kama hakiachii mpaka Jumatano, basi Jumatatu na Jumanne si siku zako za kukimbia, na hilo si ulegevu. Mwili hujengeka wakati wa kupumzika. Mbio zenyewe huubomoa, na anayebomoa kila siku bila kuupa nafasi ya kujenga huishia kwa mganga wa viungo.

Kwa hiyo nakushauri ukimbie siku 3 kwa wiki, 4 ukijisikia vizuri, na zile siku za katikati upande baiskeli. Kwa hili hakuna mji unaowafaa wazee kama Tanga: barabara zenu ni tambarare, kila nyumba ina baiskeli, na saa nzima ya kukanyaga pedali kwa utulivu huufanyisha moyo kazi bila kukigonga kigimbi chini. Sijui kwa nini klabu nyingi za jogingi hazihesabu baiskeli kuwa ni mazoezi.

Kuhusu kasi, watu hutumia kanuni ya kutoa umri kutoka 220 ili kupata kilele cha mapigo ya moyo, ambayo kwako itatoa 158. Ipo kanuni nyingine, ya kuzidisha umri kwa 0.7 na kutoa jibu kutoka 208, nayo itakupa karibu 165. Ukiona kanuni mbili zinapishana hivyo kwa mtu mmoja, utajua kwamba hazifai kuaminiwa kupita kiasi. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wakimbie kwa mwendo ambao mtu anaweza kusema sentensi nzima bila kuhema katikati. Sehemu kubwa ya kilomita zako iwe katika mwendo huo, hata kama vijana wanakuacha nyuma pale Kange. Mara moja kwa wiki, kigimbi kikiwa kimetulia, ongeza vipande vifupi vya dakika 2 au 3 vya mwendo wa haraka, kwa kuwa nyuzi za misuli zinazotoa kasi ndizo zinazowahi kupungua uzeeni, na zisipotumika hupotea upesi zaidi.

Mbio ndefu ya Jumapili uirefushe kwa kilomita 2 kwa wiki mbili au tatu mfululizo, kisha wiki inayofuata uipunguze kabla ya kupanda tena. Kutokana na muda wako wa nusu marathoni, masafa kamili yatakuchukua karibu saa 5, na Moshi pengine zaidi. Mtu wa saa 5 hana haja ya kukimbia kilomita 35 mazoezini; akifika 28 au 30, au akifikisha saa tatu na nusu barabarani, inatosha, kwa kuwa kinachozidi hapo huchosha kuliko kinavyojenga. Wiki 3 za mwisho punguza umbali hatua kwa hatua. Na jifunze kutembea kwa mpango: kimbia dakika 9, tembea 1, tangu kilomita ya kwanza, ukiwa bado na nguvu. Kuna watu wanaoona kutembea ni kushindwa. Wengi wao huwapita wazee kilomita ya 10, na wazee wakawapita kilomita ya 36.

Moshi yenyewe ina jambo moja ambalo Tanga haiwezi kukufundisha. Mji uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba nusu ya pili ya masafa kamili hupanda kuelekea Mweka na kisha kushuka kurudi mjini. Wengi huogopa ule mpando, lakini kwa mzee mshuko ndio mbaya, kwa sababu misuli ya mapaja inafanya kazi ya kuzuia huku ikivutwa, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayoumiza nyuzi zake kuliko nyingine. Ukiwa mtu wa Raskazone, miguu yako haijawahi kushuka mlima kwa saa nzima. Njoo huku kwetu ukimbie njia ya Amani, au nenda Mombo uijaribu barabara ya Lushoto, upande kwa miguu taratibu na kushuka kwa hatua fupi. Fanya hivyo mara chache, wiki kadhaa kabla ya mbio, si wiki ya mwisho.

Sasa kalenda, ambayo naona ndiyo kiini cha swali lako. Joto la kaskazi lina faida yake: mwili ukizoeshwa kwa siku 10 hadi 14, kiasi cha maji katika damu huongezeka na jasho huanza kutoka mapema, na mtu aliyezoea Tanga akifika Moshi penye hewa kavu kidogo atajisikia mwepesi. Lakini unyevu wa pwani una hasara kubwa zaidi kwa mbio ndefu. Jasho linaloupoza mwili ni lile linalokauka juu ya ngozi, na lile linalodondoka chini ni maji yaliyopotea bure. Kijana hulivumilia hilo kwa saa tatu. Mtu wa miaka 62, ambaye mwili wake hutoa joto polepole zaidi na ambaye kiu humjia kwa kuchelewa, huingia katika hatari akiwa anadhani yuko salama.

Ramadhani nayo hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa miladi. Ukipiga hesabu utaona kwamba mwaka 2027 mwisho wa Februari utaangukia ndani ya mwezi wenyewe, mwaka 2028 mfungo utaanza mwishoni mwa Januari na kuisha siku chache tu kabla ya mwisho wa Februari, na mwaka 2029 na 2030 sehemu kubwa ya mfungo itakuwa Januari, ambao ndio mwezi wa mbio zako ndefu kuliko zote. Kwa miaka mingi ijayo, basi, mfungaji anayetaka kilomita 42 za Moshi atagongana ama na mbio akiwa amefunga, ama na mazoezi makali akiwa amefunga. Suala la ruhusa ya msafiri mpelekee shekhe wako. Mimi nazungumzia mwili tu. Ndani ya mfungo inawezekana kabisa kudumisha ulichonacho, kwa kukimbia nusu saa kabla ya magharibi ili futari ikukute ukiwa bado una joto, au baada ya tarawehe ukiwa na maji. Kuongeza umbali, hapana.

Kwa sababu hiyo rai yangu ni kwamba masafa kamili uyatafute katika msimu wa kusi. Kuanzia Juni pwani yetu inapoa, upepo wa baharini ni mkavu zaidi, na alfajiri ya Julai au Agosti pale Raskazone ni hali ya hewa ambayo mkimbiaji wa bara angetamani kuwa nayo. Chagua mbio za kilomita 42 za Septemba au Oktoba, hata kama hazina jina kubwa, na Moshi iendelee kuwa ya nusu marathoni katika miaka inayokubali.

MuuguziMkimbiaji (Tanga mjini)

Shikamoo mzee wangu, na shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, na pia nakimbia jioni, hivyo nitaongeza machache ya upande wa afya.

Umesema shinikizo lako lilianza kupanda zamani, lakini hukusema kama sasa unatumia dawa. Hilo ni muhimu kuliko raba na ratiba. Zipo dawa za shinikizo zinazopunguza mapigo ya moyo, na anayezitumia hawezi kabisa kujipimia kasi kwa zile kanuni za 220 na 208. Zipo nyingine zinazokojosha ili kupunguza maji na chumvi mwilini, na anayezitumia akikimbia saa 5 kwenye joto anatoa maji kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Usiache dawa kwa ajili ya mbio, wala usibadilishe kipimo mwenyewe. Nenda kwa daktari wako, umwambie waziwazi kwamba unakusudia kukimbia kilomita 42, upimwe shinikizo, sukari, figo na umeme wa moyo, kisha mkubaliane kuhusu dawa na saa za kuitumia.

Jambo la pili ni maji, na hapa ushauri wa mitaani hukosea sana. Wengi husema kunywa kadiri uwezavyo. Watafiti waliowapima wakimbiaji 488 katika Boston Marathon ya 2002 walikuta kwamba asilimia 13 kati yao walikuwa na chumvi pungufu katika damu, na waliokuwa katika hatari zaidi walikuwa wale walioongezeka uzito njiani kwa kunywa kupita kiasi, pamoja na wale waliotumia zaidi ya saa 4. Wewe utakuwa katika kundi hilo la zaidi ya saa 4. Mtu wa aina hiyo hupata kichefuchefu, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa, watu wakadhani ameishiwa maji, wakamwongezea maji matupu, hali ikawa mbaya zaidi. Jipime kwenye mizani kabla na baada ya mbio ndefu ya Jumapili: ukiwa umepungua kidogo, uko sawa, ukiwa umeongezeka, umekunywa kupita mahitaji.

Tafadhali sana, usimeze diklofenaki wala ibuprofeni asubuhi ya mbio ili kukinyamazisha kigimbi. Dawa hizo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na figo za mtu anayetoka jasho kwa saa 5 tayari zinapata damu kidogo. Nimeona wakimbiaji wakigawana vidonge hivi kama peremende kabla ya mbio kuanza, nami huumia moyoni.

Mwisho, sote tumelelewa na habari ya John Stephen Akhwari, aliyeanguka Mexico City mwaka 1968, akaumia goti, na bado akamaliza. Namheshimu kwa dhati. Lakini alikuwa mwanariadha wa taifa wa miaka 30 mwenye goti bovu na moyo mzima. Mzee akisikia kifua kinabana, maumivu yakienda kwenye bega au taya, kizunguzungu, au mapigo yanayorukaruka, anasimama papo hapo na kuomba msaada, hata kama imebaki mita 500.

MstaafuBandari

Marahaba mwanangu, na shukrani kwa kunifungua macho. Ninatumia dawa moja ya shinikizo, ile ya kukojosha, kila asubuhi. Sikuwa nimeihusisha na mbio. Je, nikipata miadi na daktari, kuna jambo mahsusi la kumwomba?

MuuguziMkimbiaji

Ndiyo, mzee. Mwombe akupime madini ya damu, hasa sodiamu na potasiamu, kwa sababu dawa za kundi hilo zinaweza kuyabadilisha, na potasiamu ikivurugika misuli hukaza. Huenda kigimbi chako kina sababu ya kano kama alivyoeleza mwalimu, huenda kina sababu hii, na huenda ni zote mbili. Kipimo kitasema. Nenda na orodha ya kila unachotumia, zikiwamo dawa za asili.

MamaWaChumbageni (Tanga)

Waalaikumu salaam, kaka yangu. Nina miaka 58 na nimekimbia masafa kamili, kwa hiyo naandika kama mtu aliyeyapitia. Nakubaliana na mwalimu karibu kila mahali, ila naona jambo moja halijaguswa, nalo ni nguvu za misuli.

Baada ya miaka 50 misuli hupungua hata kwa anayekimbia, na kwetu wanawake, hedhi ikishakoma, mifupa nayo hupoteza uimara upesi. Kukimbia peke yake hakutoshi kuyarudisha hayo. Mara mbili kwa wiki mimi nafanya mazoezi ya nguvu nyumbani, bila mashine yoyote: nachuchumaa na kusimama taratibu nikiwa nimebeba ndoo ya mchanga, napanda na kushuka ngazi, na kwa ajili ya vigimbi nasimama kwenye ukingo wa kizingiti kwa ncha za vidole, naupandisha mwili kwa miguu miwili, kisha naushusha kwa mguu mmoja polepole hadi kisigino kipite chini ya ukingo. Ule mshusho wa polepole ndio dawa. Nilikuwa na tatizo la kano ya kisigino lililonisumbua kwa muda mrefu, na zoezi hili ndilo lililoniondolea, baada ya miezi, si siku. Jaribu hilo la kizingiti kabla hujanunua mafuta ya kuchua.

Chakula nacho kina uzito wake. Mwili una akiba ya wanga ambayo kwa wengi huelekea kuisha mahali fulani karibu na kilomita ya 30, na hapo ndipo miguu hukataa ghafla. Anayekwenda saa 5 anapaswa kula njiani, kama gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na tumbo lifundishwe hilo mazoezini. Mimi hubeba tende zilizotolewa kokwa ndani ya mfuko mdogo, kipande cha ndizi mbivu, na chumvi kidogo katika karatasi. Tende nne au tano kwa saa zinanitosha. Madafu ni mazuri baada ya mbio, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo hayachukui nafasi ya chumvi iliyotoka na jasho. Na wewe mwenye dawa ya shinikizo muulize kwanza daktari kuhusu yote mawili.

Beba pia maji yako mwenyewe. Katika mbio moja, ambazo sitazitaja, sisi wa nyuma tulikuta meza za maji zimeshakunjwa na chupa tupu zimetapakaa barabarani, jua likiwa limepanda. Waandaaji hupanga maji kwa kuwaangalia washindi, na wanaohitaji maji kwa muda mrefu kuliko wote ni sisi. Kabla ya kulipa ada ya ushiriki, soma masharti uone njia inafungwa baada ya saa ngapi, kwa sababu kwa mtu wa saa 5 hilo ndilo linaloamua kama ziko mbio za kwenda au hakuna.

Raba usinunue kwa kutazama juu. Za mitumba zinaweza kuwa nzuri, lakini sponji ya chini hukakamaa kwa kukaa hata kama soli haijalika. Bonyeza kwa kidole gumba ubavuni mwa soli. Isipobonyea na kurudi, iache hapo. Na raba nzuri huisha kazi yake baada ya kilomita 500 hadi 800 hivi.

Kuhusu mkeo kusema 21 zinatosha, namwelewa, ila naomba umsikilize na kumwelewesha, usimpuuze. Nami niliambiwa kwamba mwanamke wa umri wangu hakimbii, tena kwa ukali zaidi. Huambiwa hivyo si huku kwetu tu: Boston haikuwakubali wanawake rasmi mpaka 1972, na marathoni ya wanawake haikuwamo kwenye Olimpiki mpaka Los Angeles 1984, kwa hofu kwamba miili yetu isingeweza. Joan Benoit alishinda mbio hizo kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 52. Mimi naivaa suruali ndefu na mtandio mwepesi, nakimbia na wenzangu, na mtaa umeshazoea; sasa wasichana wawili wa jirani wanaungana nasi.

MzeeWaPangani

Mimi nina maoni tofauti, na nayasema kwa heshima. Nina umri wa miaka 66, nimekimbia nusu marathoni kwa miaka, na nimeamua kutokwenda zaidi ya hapo. Faida za kiafya ambazo mzee anazitafuta, shinikizo, sukari, usingizi, utulivu wa moyo, zote nazipata katika kilomita 21 na pungufu. Sioni kilomita 21 nyingine zinampa nini mtu wa umri wetu zaidi ya wiki nyingi za kuuguza miguu. Mkeo ana hoja.

MwalimuWaRiadha

Ndugu yangu wa Pangani, kwa upande wa afya uko sahihi, na anayekimbia kwa ajili ya afya peke yake sitamshauri marathoni. Lakini mwenzetu hakusema anatafuta afya. Alisema ana hamu tangu 1989, na hamu ya mtu mzima aliyeitunza muda wote huo inastahili kuheshimiwa na kupangiwa njia salama. Ed Whitlock wa Kanada alikimbia marathoni ya Toronto mwaka 2004 kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48 akiwa na miaka 73. Simtaji ili mtu yeyote amwige kasi, kwani alikuwa mkimbiaji mzuri tangu ujana. Namtaja kwa sababu mazoezi yake makubwa yalikuwa kukimbia polepole, kwa saa nyingi, akizunguka makaburi ya karibu na nyumbani kwake, peke yake, na kwa sababu mtu wa miaka 62 ana muda wa kutosha kuisubiri Moshi ikiwa kusubiri ndiko kunakohitajika.

MstaafuBandari

Nimesoma majibu yote, mengine mara mbili, na nimemsomea mke wangu la muuguzi na la Mama wa Chumbageni. Amekubali kwa sharti kwamba vipimo vije kwanza, na nina miadi wiki ijayo.

Kuiacha Moshi kunanichoma, sitaficha. Nilikuwa nimeshaiona akilini ile barabara ya Mweka. Lakini hesabu ya mwalimu ya Ramadhani sikuwahi kuipiga mwenyewe, na nikiitazama sioni njia ya kuikwepa pasipo kupunguza ama ibada ama usalama. Kwa hiyo, vipimo vikiwa vizuri, nitakimbia kilomita 42 zangu za kwanza baada ya kusi, katika mbio ambazo njia yake inabaki wazi kwa zaidi ya saa 5. Jumatatu na Jumanne nitapanda baiskeli. Vijana wa klabu nimewaambia, na wawili kati yao wameniomba niwaeleze habari ya kukimbia dakika 9 na kutembea 1.

Mzee wa Pangani, nakushukuru kwa dhati; ulichosema ndicho anachosema mke wangu, na ninakibeba kama kipimo cha kunirudisha kwenye 21 iwapo mwili utakataa.

Dada wa Chumbageni, kundi lenu linaanzia wapi siku ya mbio ndefu, na je, mnampokea mtu wa mwendo wa taratibu?

MamaWaChumbageni

Tunaanzia nje ya Mkwakwani, saa 11 na dakika 45 alfajiri kila Jumapili, ili wenye kuswali wawe wameshamaliza. Mwendo wetu ni wa kuzungumza, na hakuna anayeachwa nyuma: wa mbele wakifika Pongwe hurudi kuwafuata wa mwisho. Mlete na shemeji kwa baiskeli akipenda, tuna wake na waume wengine wanaotufuata hivyo na kutubebea maji. Majibu ya vipimo yakitoka, niandikie kabla hujaja.